Maji ya Kituo cha Tano

Sakafu ya saruji iliyokaa kavu kwa miezi ikidondokewa na maji hutoa harufu yake, kati ya vumbi na chuma, na harufu hiyo hainipiti hata nikiwa nimechoka vipi. Nimeishi mahali pengi na kufanya kazi nyingi, na kila ninapoikuta, iwe ndani ya ghala la korosho Masasi au uani kwa mama ntilie, husimama kidogo. Hunirudisha darasa la pili, katika shule moja ya kijijini upande wa Newala, kiangazi kile mvua zilipochelewa, matangi ya kukingia maji yakabaki na tope chini, na akina mama wote wa kijiji chetu wakawa wanashuka bondeni kuchota.

Mwalimu wetu wa hesabu tulimwita Mwalimu Edita, mama wa makamo mwenye sauti ya kwaya, aliyezoea kujifunga kanga juu ya gauni ili chaki isimchafue. Mwaka ule alirudi kutoka semina na jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Badala ya kutukalisha wote tukitazama ubao, alitugawa makundi matano, na darasa akaligeuza kuwa vituo vitano. Kwenye kona ya kwanza tulihesabu korosho mbovu, zile ambazo mnunuzi huzitupa pembeni. Ya pili ilikuwa ya kufunga vijiti mafungu ya kumikumi. Kwenye ya tatu tulipima ukuta na mlango kwa kamba na kwa nyayo zetu. Kwenye ya nne tulipanga maumbo aliyoyakata mwenyewe kutoka maboksi ya sabuni. Kila kundi lilikaa kwenye kituo chake mpaka Mwalimu aliposimama katikati na kupaza sauti, "Hama!" Nasi tukajibu kwa kelele, "Tumehama!" na darasa zima likainuka na kuzunguka. Nilikuwa mtoto asiyetulia, aliyekwisha kuchapwa mara nyingi kwa kuchungulia dirishani, na sasa palikuwa na mtu mzima aliyeniamuru nihame. Niliipenda hesabu kwa sababu hiyo kwanza, kabla sijaipenda kwa sababu nyingine.

Kituo cha tano kilikuwa mlangoni, sakafuni, nacho kilikuwa cha maji. Kulikuwa na beseni, vikombe vya bati, chupa ndefu ya mafuta ya kupikia na kopo fupi lenye mdomo mpana. Kazi yake ilikuwa kumimina na kujua kipi kinabeba zaidi. Watoto waligombana kila siku. Wengine waliapa kwamba chupa ndiyo kubwa kwa sababu ilikuwa ndefu, wengine wakasema kopo, kwa sababu lilikuwa na tumbo. Swali hilo liliniingia kichwani likakaa. Nililala nalo. Nilitembea barabarani nikilinganisha mitungi ya watu kwa macho. Lakini sikuwahi kuigusa ile chupa, kwa kuwa shule haikuwa na maji, na Mwalimu alikuwa ameagiza kila mtoto aje na kikombe kimoja kutoka kwao.

Mama yangu alikataa. Baba alikuwa ameondoka kwenda kutafuta maisha Mtwara na habari zake zilikuwa zimepungua mpaka zikaisha, kwa hiyo aliyeshuka bondeni alikuwa mama peke yake. Alitoka kabla ya adhana ya alfajiri na kupanda kilima jua likiwa kali, ndoo kichwani, majani mabichi yakielea juu ya maji ili yasiruke. "Mimi sishuki kule kufuata maji ya kuchezea," aliniambia. "Mwambie mwalimu wako akitaka kucheza, achezee mchanga." Sikumwambia Mwalimu neno lolote. Kundi letu lilipofika kituo cha tano, nilisimama ukutani. Watoto walikuwa na sheria yao, kwamba asiyeleta hagusi. Mwalimu aliwaambia mara kadhaa wanipe zamu, wakanipa, na alipogeuka kwenda kwa wengine wakaninyang'anya. Tulikuwa wengi mno kwa macho yake mawili. Mlinzi mkuu wa beseni alikuwa Hamisi, mtoto wa jirani, mwenye meno yaliyotangulia midomo. Yeye ndiye aliyenipa jina. "Vituo viko vitano," alisema, "na Zuhura akisimama pale, ndiye Kituo cha Sita." Darasa lote likalishika. Kwa muda wa kiangazi kile nilikuwa Kituo cha Sita hata njiani kwenda dukani.

Mwishowe Mwalimu alimtuma Hamisi kwetu aseme kwamba Zuhura naye aje na maji, ajifunze kama wenzake. Sijui Hamisi aliufikishaje ujumbe, ila mama aliuchukua kama dai. Kesho yake, tukiwa katikati ya vituo, nilisikia hodi, nikamwona mlangoni na ndoo yake kichwani, vumbi limempanda mpaka magotini. Alikuwa ametoka bondeni moja kwa moja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Zuhura. Pole na maji. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kugomba."

"Basi gomba umekaa," Mwalimu alisema, akamtua ndoo na kumsogezea benchi letu dogo, pale pale mlangoni, kando ya beseni. "Ngoja nihamishe watoto kwanza, nikusikilize vizuri."

Mama aliketi, magoti yakimfika karibu na kidevu. Mimi nilikuwa kwenye maumbo, nimeinamisha kichwa kwa aibu, nikisubiri sauti yake ipande. Haikupanda. Nilipoinua macho, kichwa chake kilikuwa kimeegemea ukuta na mdomo umefunguka kidogo.

"Mwalimu!" Hamisi aliita. "Mama yake Kituo cha Sita amelala!"

Watoto walicheka. Mwalimu Edita hakucheka. Aliweka kidole mdomoni, akamtazama mama kwa muda, akatutazama sisi, kisha akafanya kitu ambacho sijakiona tena kwa mwalimu yeyote. Hakumwamsha, wala hakusimamisha somo. Aliinua mkono juu na kuushusha, bila kusema "Hama". Darasa lote likaelewa. Tuliinuka na kuzunguka kwa ncha za vidole, watoto wale wale ambao kwa kawaida tulitikisa bati kwa kelele, tukibeba korosho ndani ya viganja ili zisigongane, tukivuka miguu ya mama iliyonyooka sakafuni kama watu wanaovuka mkeka wa mgonjwa.

Zamu yetu ya kituo cha tano ilikuwa imefika. Hamisi alishika chupa, imejaa mpaka alama iliyochorwa kwa msumari, akanitazama, akamtazama mama. Kunikatalia kulihitaji sauti, na sauti hatukuwa nayo siku hiyo. Akanikabidhi. Nilimimina polepole ndani ya kopo, matone mawili matatu yakaanguka kwenye saruji na ile harufu ikapanda. Kopo likajaa mpaka ukingoni, likaishia hapo. Chupa ilikuwa tupu na hakuna kilichobaki; vilibeba sawasawa. Nikashindwa kuamini. Nikaanza kurudisha maji ndani ya chupa, na hapo ndipo mama alipoamka. Watoto zaidi ya sitini hawakumwamsha, lakini maji yakimiminwa yalimwamsha.

Aliruka na kuikumbatia ndoo yake. Aliyakuta majani yakiwa juu, maji yametulia. Ndipo akaniona.

"Mnayamwaga?"

"Hatuyamwagi, mama. Tunayarudisha."

"Yote?"

Nikamwonyesha. Nilimimina kwenye kopo, nikarudisha kwenye chupa, maji yakasimama pale pale kwenye alama. Mama aliinama karibu, akiwa bado na usingizi machoni.

"Tena," alisema.

Nikarudia. Alitikisa kichwa, akachota kikombe kutoka ndoo yake na kukimwaga ndani ya beseni. "Hicho ni chake," alimwambia Hamisi. "Mchana kirudi nyumbani, kuku wangu wanakisubiri." Kisha akafunga kanga yake vizuri na kuinama kwenye ndoo. Mwalimu alikuja kumtwisha.

"Na ule ugomvi, Mama Zuhura?"

"Nitauleta kesho. Leo nimechoka."

Hakuuleta. Nilikwenda na kikombe changu kila siku na kukirudisha kwa kuku, mpaka mvua zilipoanza. Sikukaa shuleni sana baada ya hapo. Mgongo wa mama ulikataa kilima nikiwa darasa la tano, mtu alitakiwa kushuka bondeni, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipomzika, niliondoka. Nimebangua korosho Masasi, nimepikia mafundi ujenzi Chiungutwa, nimeuza mitumba kwenye magulio mpaka Chiwata, na kila mahali nimeuliza maswali mpaka watu wakachoka nami. Nikishajua mambo yanavyokwenda, miguu huanza kuwasha. Siku hizi hakuna anayeniambia nihame, huhama tu, na sijibu kwa kelele.

Sasa niko Newala tena, nimepanga chumba. Bomba lipo karibu, chini ya tangi la saruji, nalo hutoa maji siku linapotaka. Juzi nilikaa kwenye foleni juu ya ndoo yangu ya pili, nikalala. Nilizinduliwa na maji yakiingia kwenye ndoo ya mtu mwingine, na ndoo yangu ya mbele ilikuwa imesukumwa pembeni. "Ulilala, mama," binti mmoja aliniambia, bila ubaya, naye macho yake yalikuwa mekundu. "Tukasogea." Sikugombana. Kila mtu pale alikuwa amechoka, na watu waliochoka hawana nafasi ya kutembea kwa ncha za vidole kwa ajili ya mwingine. Wale watoto waliiweza, na nimekaa nikijiuliza kwa nini.

Nilikwenda mwisho wa foleni. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa bibi mmoja aliyeegemea ukuta wa tangi, amesinzia, kanga imemfunika uso. Saruji chini yetu ilikuwa imelowa na harufu ile ilikuwa imepanda. Foleni iliposogea, nilisogeza ndoo yake kwanza, nikiinyanyua isikwaruze sakafu, kisha yangu.