Nyumba ya Baba Kule Bukhayo

Nilikuwa kidato cha pili wakati kaunsil ya Busia ilipotangaza nyumba za bei nafuu. Tangazo lilibandikwa ukutani karibu na soko. Baba alilisoma mara mbili, kisha akanileta mimi nimsomee tena, kana kwamba hakuyaamini macho yake. Kaunsil ingetoa ploti, ingejenga msingi, na nusu ya mabati na simenti ingelipa yenyewe. Sharti lilikuwa moja: uwe hujawahi kuwa na nyumba popote.

Tulikuwa watu sita katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, hatua chache kutoka mpakani. Mvua ikinyesha, maji yaliingia chini ya mlango na mama akawapandisha wadogo zangu wote kitandani. Mimi nilivaa sare nyuma ya pazia, baba akikohoa upande wa pili ili nijue yupo. Niliona haya kila asubuhi.

Baba alijaza fomu. Mahali pa kutaja nyumba nyingine aliandika "hakuna". Haikuwa kweli. Kijijini kwetu Bukhayo, katika boma la marehemu babu, alikuwa na nyumba ya udongo na nyasi, aliyoijenga kabla ya kuoa kama kila kijana wa kwetu. Hakuna aliyelala humo. Lakini mwanamume asiye na nyumba kwa baba yake huhesabiwa kama hayupo, na akifa hakuna pa kuliweka jeneza lake.

Ikaja habari kwamba afisa wa kaunsil angeenda Bukhayo kukagua Jumamosi. Ijumaa baba akanituma kwa mama yake, kukhu wangu.

"Mwambie kukhu aseme ile ni stoo yake ya mahindi."

"Mbona usiende wewe?"

"Mimi siwezi kumwambia mama maneno hayo. Wewe ni mtoto, hatakasirika."

Nilimkuta kukhu amepiga magoti ndani ya nyumba hiyohiyo, akipaka sakafu samadi iliyochanganywa na majivu. Alifanya hivyo kila mwezi, ingawa magoti yalimuuma.

"Umefika wakati mzuri," akasema. "Shika ndoo. Nyumba ya baba yako isije ikasemwa ni ya popo."

"Kukhu, baba amesema..."

"Amesema nini?"

"Amesema anakusalimu."

"Salamu bila sukari," akacheka, na kunisogezea ndoo.

Nikapaka. Nilipaka vizuri, mpaka kwenye pembe. Wakati wa kula nilijaribu tena, nikaishia kuomba chumvi. Asubuhi nilijiambia nitasema baada ya chai. Chai ilikuwa bado jikoni pikipiki ilipoingia bomani.

Afisa alikuwa kijana mpole, na faili kwapani.

"Mama, mtoto wako ana nyumba hapa?"

"Mimi nilizaa mwanamume, bwana. Wewe unaonaje?"

"Naona nyumba tatu. Nauliza yake ni ipi."

"Njoo. Lakini uvue viatu, sakafu bado mbichi."

Akavua. Alisimama ndani na soksi zake, kidole kimoja kimetokeza, akatazama paa na mlango wa mbao. Kukhu alimwonyesha mpaka mahali pa kitanda.

"Nyumba nzuri, mama," akasema, akiandika.

"Huyu mjukuu wangu ndiye aliyepaka."

Afisa akanitazama, akatazama mikono yangu. Nadhani alielewa kwamba kukhu hakujua habari ya fomu. Akafunga faili, akavaa viatu vyake.

Orodha ilipobandikwa, jina la baba lilikuwa limekatwa kwa mstari. Tulirudi nyumbani. Mlangoni akaniuliza, "Ulimwambia?"

Ningeweza kusema hapana. Angenichapa, labda, na yangeisha.

"Nilimwambia," nikasema.

Baba akasukuma mlango. "Basi ameamua hivyo."

Tangu siku ile hajakanyaga Bukhayo. Krismasi ilipita, mavuno yakapita. Akitaka kupeleka kitu, hunituma mimi, na hatumi hata salamu. Mimi huzitunga njiani. Mwezi uliopita kukhu alinishika mkono akaniuliza kama baba anaumwa na tunamficha.

"Haumwi, kukhu. Kazi ni nyingi."

"Kazi gani hiyo isiyo na Jumapili?"

Niliinama kufunga kamba ya kiatu. Alinitazama muda mrefu, kisha akasema nisichelewe njiani, na akaingia ndani bila kunisindikiza.