Walioshindwa Ndio Wapikao

Kwa miaka thelathini na moja, kila sikukuu ya mavuno ya Chuseok, Mal-sun alichuchumaa jikoni kwa wakwe zake huko Andong, akikaanga minofu ya samaki iliyochovywa kwenye mayai. Kwa miaka hiyohiyo Deok-bae, kaka wa mumewe, alijilaza sebuleni akisimulia chanzo cha sikukuu. Hadithi haikubadilika hata nukta: mfalme wa kale aliwagawa wanawake makundi mawili, wakashindana kufuma kitambaa mwezi mzima, na walioshindwa wakawapikia washindi.

“Ndiyo asili yetu hiyo,” humalizia, huku akisogeza sahani aongezewe.

Mwaka wa thelathini na mbili Mal-sun alitoka jikoni na mwiko mkononi.

“Shemeji, meza kwanza hicho kilichomo kinywani. Umesema walioshindwa ndio waliopika?”

“Ndio haohao.”

“Haya. Na wewe hicho kitambaa ulichonishinda nacho, ulikifuma lini?”

Deok-bae aliendelea kutafuna. Mume wa Mal-sun akaanza kuikagua dari.

Mwaka uliofuata Deok-bae alisimulia habari za mwezi mpevu angani tu, tena kwa ufupi, kwa sababu vitunguu alivyokuwa akimenya vilimtoa machozi.