Niligonga kichwa, wazee wakanigeuza mkali wa mahari

Wakuu, salamu kutoka Busia. Naandika polepole, mnivumilie. Hii ni ukweli mtupu, uongo unataka kichwa kizima na changu kilipasuka.

Nilianguka na boda karibu na Nambale. Nikapona, nikatembea, lakini maneno yakakataa. Najua ninachotaka kusema, halafu neno linapotea. Ukiongea haraka nasikia kelele tu.

Dada wa speech therapy, yule wa hospitali anayenifunza kuongea tena, aliambia watu wetu: muulizeni swali moja, la ndiyo au hapana, halafu mngoje.

Kungoja? Watu wetu? Baba mdogo alisema nakunywa kwa siri. Mama mmoja wa kanisa akasema ni mapepo, akanifinya pale pale kwa kidonda. Uuwi!

Sasa, kabla niumie, mimi ndio nilikuwa msemaji wa familia kwa mambo ya mahari. Wageni wa dadangu Nafula, Wateso wa upande wa Malaba, walipokuja, Baba mdogo akaniketisha mbele vile vile. Eti tusiaibike.

Wageni wakataja ng'ombe. Ilikuwa sawa kabisa. Nikataka kusema tumekubali, neno likakwama. Nikawaangalia tu, jasho inatoka.

Wakanong'onezana, wakaongeza ng'ombe.

Nikajaribu tena. Wapi! Wakaongeza na mbuzi.

Baba mdogo akaninong'oneza, "Kijana, kaa hivyo hivyo!" Yaani mlevi wa jana leo ni professor. Niliumia roho, wakuu. Huyo kijana aliyekuja kumposa Nafula anampenda kweli, na baba yake alikuwa ameshaanza kutafuta kofia aende zake.

Ndio Nafula akaitwa, vile desturi iko, aulizwe kama anawajua wageni. Akaona machozi yangu. Akawapita wote, akapiga magoti mbele yangu.

"Bro, ile ya kwanza walisema, ilitosha?"

Baba mdogo akaanza kunijibia. Nafula akamnyamazisha kwa mkono, akangoja. Wazee wakakohoa. Akangoja tu.

"Ndi... ndiyo."

Wazee wakarudi kwa ng'ombe wa kwanza, na Nafula ameolewa. Baba mdogo anaambia soko yote eti kichwa yangu iliharibika siku hiyo.

Funzo: tulioumia kichwa hatujapotea, tunachelewa tu. Nyinyi wenye mtu kama mimi kwa boma, mnafanyaje? Niambieni hapa chini, kwa maana Nafula sasa yuko kwake Malaba, na huku nyumbani hakuna mwingine anayejua kungoja.