Mbinya na Watu Wasiotishika wa Kamenu

Mpwa wangu Mbinya haogopi kitu, na hilo alilirithi kwangu. Mamake, dada yangu Kanini, husema amelitoa kwa babake, lakini huyo babake nimewahi kumwona akikimbizwa na bata mzinga, kwa hivyo tuyaache.

Msichana anasomea mambo ya filamu katika koleji moja hapa Thika. Ni mpole, mwembamba, na ana tabia moja ya kuudhi. Ukimsimulia hadithi tamu hakuangalii wewe. Anaangalia nyuso za wale wanaokusikiliza, kama mtu anayengoja sufuria ichemke.

Muhula uliopita mwalimu wao, Bwana Kahiga, aliwapa kazi ya kutafiti filamu za kutisha: zinatisha kwa njia gani, na kwa nini. Halafu kila mmoja atengeneze filamu fupi, aonyeshe watu, aeleze kilichowatisha. Mbinya alisoma kwa mtandao, akaandika kurasa nyingi nzuri. Kahiga akamrudishia.

"Hii ni hofu ya watu wa mbali," akamwambia. "Niletee hofu ya watu wako. Bila hiyo utarudia somo."

Kurudia somo kungemkosesha nafasi ya kujifunza kazi kwenye studio moja ya Ruiru. Nafasi hiyo aliitafuta mwaka mzima, akipiga simu zisizoshikwa, akienda kukaa pale mapokezi mpaka askari wa geti akaanza kumwita "mwenzangu".

Kwa hivyo alikuja kwangu. Angeenda kwa nani? Mimi zamani nilikuwa na ukumbi wa video kule Witeithie. Nilikuwa nasimama kando ya televisheni nikitafsiri filamu, na watu walikuja kunisikia mimi, si kuona picha. Shule niliachia kidato cha pili nilipoona walimu wanaanza kurudia maneno.

"Anko Kimanzi," akasema, "wewe umeona nyingi. Hizi filamu huwa na nini?"

"Sema zile umeandika, nami nikusahihishe."

"Kuna nyumba iko na chumba chini ya ardhi."

"Hapa kwetu Kamenu chini ya nyumba ni mawe. Endelea."

"Stima inapotea, nyumba inakuwa giza."

"Hiyo si filamu, hiyo ni Jumanne."

"Mlango unalia wenyewe."

"Huo ni mlango wa mamako."

Alicheka, lakini niliona ameanza kuuma kucha. Nikamwambia asijali, nitaigiza mwenyewe.

Tulipigia picha kwa Kanini, mchana, mapazia yamefungwa. Mambo yenyewe yalikuwa mafupi. Mama, ambaye ni Kanini mwenyewe, yuko peke yake nyumbani anapika. Mtu aliyekufa anaingia, anampita, anakaa kwenye kiti. Maiti haiongei, kwa hivyo nikaambiwa ninyamaze. Baadaye stima inapotea, muziki unalia, nami nainuka nimepakwa unga usoni na sosi ya nyanya kidevuni. Hapo ndipo nilipoweka kipaji changu chote.

Jumapili baada ya kanisa Mbinya akaalika majirani waje kuona. Alikuja Mama Katunge, mwenyekiti wa kikundi cha maombi. Alikuja Idah wa kuuza mitumba. Alikuja pia mzee Mwau, ambaye huenda popote penye chai.

Muziki ulipoanza, Mama Katunge akainuka. "Mami, simamisha hiyo kitu kidogo." Mbinya akasimamisha. Mama Katunge akainua mkono mbele ya televisheni, akaomba, akakemea, akafukuza kila kilichokuwa ndani. Sote tukasema amina. Akaketi, akatengeneza leso. "Sasa endelea."

Baada ya maombi kama hayo, maiti gani itatisha?

Nilipotokea na unga wangu, Idah alicheka mpaka akashika ukuta. "Kimanzi, hiyo ni ya chapati ama ya ugali?"

"Ya chapati," Mwau akasema. "Ya ugali ingekuwa nyeupe zaidi."

Nilimfuata Mbinya jikoni. Nilidhani nitamkuta akilia, nikawa nimeshatayarisha maneno ya kumpa moyo na mengine ya kumchokoza. Alikuwa amesimama akifikiria.

"Anko, uliona walinyamaza wapi?"

"Hawakunyamaza kabisa. Ni watu wasio na adabu."

"Walinyamaza. Hata kabla ya unga. Idah aliweka kikombe chini. Mzee Mwau akasogeza kiti chake karibu na ukuta."

Akarudi sebuleni, akawauliza. Mama Katunge ndiye alijibu, na hakuwa anacheka tena.

"Mtu ameingia kwa nyumba. Amempita mwenye nyumba bila hata habari yako. Amekaa. Kanini anamuuliza kwao wakoje, kimya. Anapewa chai, hagusi. Huyo mimi ningemwachia nyumba. Huo unga mlimpaka wa nini? Mlituokoa na hofu."

"Hata ukigombana na mtu," Idah akasema, "si mnasalimiana kwanza?"

Mbinya alitupa unga wangu, sosi yangu, muziki na giza. Alibakisha mtu, kiti, na chai inayopoa, mchana kweupe, pazia wazi. Nilimwambia anaua filamu. Akaniambia, "Anko, kaa."

Sasa sikilizeni, hakuna kazi ngumu kama ile. Kanini akisema "karibu", mdomo wangu wenyewe unasema "asante". Tunaanza upya. Akisema "za kwenu?", nasema "wako salama" kabla sijajua nimesema. Kanini akaketi chini kwa kucheka, akisema tangu azaliwe hajawahi kuniuliza kitu nikakosa jibu. Mwishowe niliuma ulimi, nikatazama ile chai, na mimi mwenyewe nikaanza kujichukia.

Siku ya kuonyesha koleji nilikwenda na koti langu la harusi. Wanafunzi waliponiona kwenye picha walicheka. Kanini akasema karibu. Kimya. Akaweka kikombe mezani, akauliza kama nimetoka mbali. Kimya. Kicheko kikaisha. Msichana mmoja, Ciku, aliomba mlango wa darasa ufunguliwe. Picha ilipoisha Bwana Kahiga alikuwa ameegemea mbele.

"Na huyu mtu alikuwa anataka nini?" akauliza.

"Sijui, mwalimu," Mbinya akasema. "Hata mamangu hakujua. Ndiyo maana alianza kujiuliza amemkosea nini."

Kahiga akamtazama kidogo, halafu akanitazama mimi pale nyuma. Nikamsalimia mara moja, asije akafikiria vibaya.

"Umepita," akamwambia. "Nenda Ruiru."

Wiki iliyofuata alianza kazi studio. Amekodisha chumba na mwenzake karibu na Membley, huko huko Ruiru, anaamka mapema, anashika taa za matangazo ya magodoro, na sauti yake kwa simu imenona. Juzi alinipigia.

"Anko, kuna tangazo. Wanataka mtu wa kulala kwa godoro bila kuongea."

Nilimwambia watu wa kiwango changu hawakubali papo hapo. Kisha nikamuuliza nifike saa ngapi.