Albano Amweka Malkia Pembeni

Saa moja na nusu asubuhi, Temeke. Fundi Albano Nangumbi amechuchumaa uani akimwaga majivu kwa kiganja. Anachora mstari unaoanzia kwenye kona ya nyumba na kuja ukipinda taratibu hadi kwenye kiti cha mbao. Nyuma ya kiti kuna ukuta uliopakwa chokaa jana. Kamera yake imesimama kwa miguu mitatu, imefunikwa kitambaa cheusi.

Wanawake kumi na wanne wa chama cha ngoma ya lelemama, Nyota Njema, wanamtazama. Wote wamevaa kanga za rangi moja, nyekundu iliyoiva.

"Fundi, unatupiga picha au unatuzindika kama mganga?" anauliza mmoja wao, Bi Somoe.

"Nalizindika jina langu, dada," Albano anajibu bila kuinua kichwa.

Hapo hatanii sana. Mwaka jana, 1952, siku ya Idi, aliwapiga picha wanawake hawa hawa. Malkia wa chama, Bi Hamisa binti Kondo, alikaa katikati kama desturi inavyotaka. Mwamvita binti Marijani, mdogo kuliko wote chamani, fundi alimsimamisha ukingoni, penye jua, na mwavuli mweupe mkononi. Picha ilipotoka, wengine wote walikuwa weusi weusi, na mwavuli uling'aa kama taa. Kila aliyeishika picha ile aliuliza: mwenye mwavuli ndiye malkia?

Nakala moja ilikwenda Bagamoyo kwa chama rafiki. Huko wakatuma salamu kwa "malkia wenu kijana". Bi Hamisa aliirudisha picha kwa fundi, imefungwa ndani ya gazeti, bila neno. Na tangu siku hiyo Mwamvita akimpa shikamoo, huitikiwa kwa kikohozi.

"Kosa lilikuwa langu, si la yule binti," anasema Albano. "Niliangalia nani ni nani. Sikuangalia kipi cheupe na kipi cheusi. Kamera haijui cheo cha mtu."

Temeke, wanawake ndio wanaoamua nani aitwe kupiga picha za harusi. Zamani Albano alikuwa akipata harusi mbili kila mwezi. Tangu Idi ile amepata mbili tu, basi. Leo amepewa nafasi ya pili. Akikosea tena, atarudi kukata mkonge, kazi aliyoifanya miaka minne na ambayo hapendi hata kuisimulia.

Ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa upande wa Newala, baba yake mchonga vinyago. Shule alisoma kidogo hapa, kidogo pale. Kamera aliijua kwa kumbebea padri mmoja mizigo kwa miaka sita.

"Baba akishika gogo, kwanza alitafuta mahali ambapo hatapagusa," anakumbuka. "Mie nafanya hivyo hivyo. Natafuta kwanza mahali patakapobaki patupu."

Leo patupu ni karibu na kiti, na kiti chenyewe hakiko katikati. Kiko upande wa kulia, peke yake, ukuta mweupe umekizunguka. Bi Hamisa anakiona na kusimama.

"Hicho cha nani?"

"Chako, Bi mkubwa."

"Mie nikae pembeni? Kama mtu aliyekuja kuomba chumvi?"

Wanawake wanaguna. Bi Somoe ameshashika mkoba wake. Albano anafuta majivu mikononi, anakwenda kwenye kamera na kuinua kitambaa cheusi.

"Usinisikilize mie. Njoo utazame mwenyewe."

"Na kwenye kiti atakaa nani?"

"Yeyote utakayemtaka."

Bi Hamisa anawapitishia macho wenzake. Halafu, pengine kwa hasira, anaonyesha kidole: "Mwamvita. Kaa wewe, uzoefu unao."

Kicheko kinapita uani. Mwamvita anakaa kwenye ncha ya kiti kama amekalia kaa la moto. Wengine wanajipanga juu ya mstari wa majivu, warefu mbali, wafupi karibu, mabega yakishuka kuelekea kiti.

Bi Hamisa anaingia chini ya kitambaa. Kisha sauti yake: "Yarabi! Mbona mmening'inia kama popo?"

Ndivyo kamera hiyo ilivyo, kwenye kioo cha nyuma watu huonekana kichwa chini. Albano anasema ndiyo faida yake. "Mtu akipinduka, humtambui tena kuwa fulani. Unaona vitu tu, kizito na chepesi, na jicho linakwenda wapi."

"Jicho lako linakwenda wapi, Bi mkubwa?" anamuuliza.

Miguu ya malkia inahama kidogo kwenye mchanga.

"Linateremka na mabega," anasema hatimaye. "Linafika kwenye kiti. Naliondoa, linarudi."

Anatoka chini ya kitambaa, ushungi umekaa upande. Anamtazama Mwamvita.

"Kumbe mwaka jana hukunipora kitu. Uliwekwa."

"Niliwekwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Haya, ondoka kitini kwangu kabla hujakizoea."

Anakaa. Kisha anavuruga mpango: anamtaka Mwamvita nyuma yake, mkono begani. Albano anakunja uso, anaingia chini ya kitambaa, anakaa humo muda mrefu. Anapotoka anatabasamu. "Mkono ubaki hapo hapo. Nao ni mstari."

Anahesabu tatu. Hakuna anayepumua.

Ijumaa, picha inakauka. Albano anamsimamisha barabarani Ansbert, muuza mkaa ambaye hamjui yeyote kati ya wanawake hao, na kumwuliza mkubwa ni nani. Kidole cheusi kinakwenda moja kwa moja kwa Bi Hamisa.

"Usiiguse tu!" fundi anapiga kelele.

Jioni picha inatundikwa kwenye nyumba ya chama. Bi Hamisa anatangaza kwamba maharusi wa Nyota Njema watapigwa picha na Albano, kuanzia binti wa Bi Somoe mwezi ujao.

Fundi sasa anatafuta chumba cha kupanga Chang'ombe, cha kupigia picha. Ameshavikataa vitatu.

"Nataka dirisha moja lisilopigwa na jua," anasema, "na ukuta usiotundikwa kitu. Aje malkia, aje mpika vitumbua. Nikishamweka penye nafasi yake, hakuna atakayeuliza yule ni nani."