Shamba Lilipokatwa

Harufu ya miwa inayochomwa ikiingia dirishani, namsikia dada akisoma.

Kilikuwa kitabu cha mji wa siku zijazo, ambako gari jeusi huwachukua wasichana wakafanye kazi wasikokujua. Dada alikisoma mbio, akimtafsiria nyanya, aliyekuwa akichambua kunde. Gari lilipofika mlangoni kwa msichana, nyanya alimkatiza.

“Si akimbilie kwa miwa? Huko hakuna mtu anaonanga mtu.”

“Kukhu, huo mji hauna miwa,” dada akamjibu nyanya.

“Sasa watu wanajificha wapi?”

Tulicheka.

Wiki iliyofuata shangazi alikuja kumchukua dada akalee watoto wa watu Nairobi. Dada alisimama uani akatazama shamba letu la miwa. Wakataji walikuwa wameshamaliza. Tuliona moja kwa moja hadi barabarani.