Wateja Wasiotaka Kutoka

Kabla hamjacheka, mjue nilikuwa na nia njema. Nilitengeneza tovuti ya duka letu la vitenge hapa mtaani Himbi, nikaondoa namba ya simu ili ukurasa uonekane safi. Wateja wakawa wanakaa humo muda mrefu. Nikamweleza patron, mwenye duka, kwamba wameipenda mno, hawataki kutoka.

Akafurahi, akamwita Mama Kavira wa Majengo, mteja wetu wa zamani, atoe ushuhuda mbele ya wafanyakazi wote.

“Mama, unafanyaka nini humo saa nzima?” nikamuuliza kwa tabasamu.

“Natafuta namba ya simu, mutoto wangu. Mutu atanunua kitenge bila kupatana bei?”

Patron akatazama kitenge kipya alichovaa mama, akamuuliza alikinunua wapi.

“Kwa jirani yenu. Yeye anapokeaka simu.”